Kipimo cha Meneja

Mizani ilionyesha sitini na tano na nusu, na Fundi akahisi jasho jembamba likimtoka mgongoni.

"Simama wima, Mama. Usiegemee kabati."

"Sijaegemea kitu," mama yake akajibu kutoka juu ya mizani, akiwa amemkumbatia paka kifuani kama mtoto wa kunyonya. "Nimesimama kama askari. Wewe soma."

Fundi akapiga magoti, akasogeza uso karibu na kidirisha cha namba, labda namba ingemwonea haya ikabadilika. Haikubadilika. Akatoa sitini na mbili, uzito wa mama yake, akabaki na tatu na nusu. Jumamosi iliyopita zilibaki nne na nusu. Huyu ni paka aliyeanza na kilo nane, paka ambaye jirani alikuwa akiuliza kwa kejeli anazaa lini, na ni dume. Sasa kila wiki kilo zilikuwa zinamtoka, na Fundi hakuona zinakokwenda.

"Imekuwaje?" mama akauliza.

"Zimepungua tena."

Mama alishuka polepole, mguu mmoja kisha mwingine, akavuta sweta lake vizuri mbele, akaenda zake jikoni na paka wake begani.

Paka huyo walimwita Meneja. Jina alilipata kwa tabia: alikuwa akilala juu ya nguo zilizokwisha kupigwa pasi, akiwatazama wenzake wakifanya kazi, yeye asinyanyue hata unyayo. Marehemu baba ndiye aliyemleta nyumbani ndani ya mfuko wa koti, mdogo kama soksi, miezi michache kabla hajalazwa hospitali na kutorudi. Baada ya mazishi mama alilala. Haukuwa usingizi wa usiku mmoja. Aligeukia ukuta, akagoma kula, akagoma kuoga, na Fundi, binti yake, alibembeleza mpaka maneno yakamwishia. Aliyemwamsha ni Meneja. Asubuhi moja alikaa mlangoni mwa chumba akapiga kelele za njaa bila aibu wala kupumua, mpaka mama akatupa shuka, akasema, "Huyu naye!", akaenda kumtafutia maziwa. Tangu siku hiyo hakulala tena.

Kwa hiyo Fundi, ambaye hakuwahi kumpenda paka maishani, ambaye kutwa alikuwa akiokota manyoya kwenye suruali nyeusi alizowashonea wateja huku akitukana kimoyomoyo, alikiogopa kifo cha Meneja kuliko moto. Meneja akifa, mama atageukia ukuta. Na safari hii, Fundi alijua, hakuna wa kumpigia kelele.

Yote yalianza kwa nia njema. Meneja alikuwa amenenepa mpaka akashindwa kurukia dirishani, na Fundi akamwita daktari wa wanyama, mwanamke kijana wa mtaa wa pili, aje amtazame. Daktari alimtazama Meneja, Meneja akamkwaruza, wakamalizana. Maelekezo yalikuwa wazi. Paka halishwi kwa kukadiria kwa macho. Hesabu inapigwa kwa uzito anaotakiwa kuwa nao, si ule alio nao sasa, na kwa Meneja hesabu hiyo ilikuwa gramu sitini za chakula kikavu kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni, zipimwe kwenye mizani ya jikoni. Hakuna kipande cha nyama juu yake, hakuna maziwa, hakuna cha kumwonea huruma.

"Na apungue polepole," daktari alisema. "Hilo ndilo muhimu kuliko yote. Paka mnene akipungua haraka, au akigoma kula hata siku mbili, ini linagoma nalo. Hapo unaweza kumpoteza hivi hivi. Mpime kila wiki. Na usiyaamini macho, dada. Huyu ana manyoya mengi, ukimtazama utadanganyika. Amini mizani."

Kumpima ndiko kulikokuwa kazi. Meneja hakukubali kushikwa na mtu yeyote isipokuwa mama; Fundi alikuwa na alama mkononi za kuthibitisha. Ikabidi mama apande mizani ya kukanyagia peke yake, asomwe, kisha apande na paka, asomwe tena, na tofauti ndiyo iwe ya Meneja. Siku ya kwanza mama alikuwa na sitini na mbili, wakiwa wawili sabini. Fundi akaiandika ile sitini na mbili ubavuni mwa kabati kwa chaki ya kukatia nguo. Jumamosi ya pili alipotaka kumpima mama tena peke yake, mama alicheka.

"Mimi nimeshakua, mwanangu, sirefuki wala sinenepi. Namba yangu si unayo hapo? Mpime huyo bwana wako, miguu inaniuma."

Fundi akacheka pia, na tangu hapo mama akawa anapanda mara moja tu, na paka kifuani.

Jumamosi hii hakucheka. Aliingia jikoni akalikuta bakuli la Meneja lina chakula cha asubuhi karibu chote. Gramu zenyewe alikuwa ameshaziongeza. Daktari kwenye simu alimwambia apandishe hadi sabini, halafu themanini. Na paka alikuwa anabakisha. Anapungua, na hali. Fundi alizikoroga zile punje kwa kidole.

"Mama, Meneja amekula lini mara ya mwisho, ukamwona kwa macho yako?"

"Si huyo anakula." Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake kando ya mlango wa nyuma, sahani yake tupu mapajani, Meneja miguuni pake akijilamba masharubu. "Mwache. Paka hana haraka."

"Sahani umemaliza?"

"Nimemaliza. Samaki alikuwa mzuri."

Hilo lilimpa Fundi faraja ya dakika moja. Mama yake hakuwahi kuwa mtu wa samaki, tangu Fundi akiwa mdogo, lakini siku hizi alikuwa akiomba samaki mara kwa mara, na sahani ilirudi safi kama imelambwa. Angalau mmoja kati yao anakula, Fundi alijiambia, akatoka kwenda kazini, yaani chumba cha mbele.

Huko mteja alikuwa anasubiri, mwalimu mmoja mwenye haraka zake, kitambaa kwapani.

"Fundi, usinisumbue leo. Tumia vile vipimo vyangu vya mwaka jana, unavyo."

"Sikati kitambaa cha mtu kwa vipimo vya mwaka jana," Fundi akasema, utepe tayari mkononi. "Mwili hauna adabu, mwalimu, unabadilika bila kuaga. Vua koti."

Mwalimu akavua koti akinung'unika. Kumbe kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi mbili, na Fundi akamtazama bila kusema, na mwalimu akatazama dari. Fundi akageuka kuchukua mkasi wake mkubwa, akakuta haupo. Wiki nzima alikuwa anautafuta, mkasi mzito wa chuma aliorithishwa na mama yake, na wiki nzima alikuwa anahangaika na kamkasi ka nyuzi kama mwanafunzi. Kila kitu ndani ya nyumba hii kilikuwa kinapotea.

Mwalimu alipoondoka tu, akampigia daktari simu.

"Tatu na nusu?" Sauti ya daktari ilibadilika. "Dada, kutoka nane? Na anabakisha chakula?"

"Anabakisha."

"Mlete sasa hivi. Nafunga saa saba. Usingoje Jumatatu."

Fundi alikuwa ameshona mfuko wa kumbebea Meneja siku nyingi zilizopita, wa turubai, wenye zipu na tundu la hewa, na ulikuwa haujawahi kutumika. Akauleta jikoni akauweka sakafuni.

"Mtie humo, Mama. Daktari anataka kumwona."

Mama aliushika mkono wa kiti. "Wa nini kumsumbua mnyama? Mwache hapa. Mimi nitamlisha, nitamshawishi, atakula."

"Hali! Hali, anapungua, ini litagoma. Unataka afe?"

"Usiseme hivyo."

"Basi mtie."

Ilikuwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuitumia kwa mama yake, na mara tu ilipomtoka alitamani kuirudisha. Mama akainama, akamwinua Meneja, akamnong'oneza kitu sikioni, akamtia mfukoni kichwa mwisho. Akafunga zipu, akajishikiza kwenye mkono wa kiti kuvuta pumzi. Fundi akaona ni uchungu wa paka.

Alitembea haraka, karibu kukimbia, akipita ukuta wa shule, duka la vipuri na kinyozi ambaye alimwita akajifanya hakusikia. Ukanda wa mfuko ulikuwa unamkata bega. Alihamishia upande wa pili, ukakata nao. Kilo tatu na nusu, na amechoka hivi. Akajilaumu kwa kutokula tangu asubuhi. Ndani ya mfuko Meneja alilia njia nzima, na kila aliponyamaza Fundi alisimama, akagonga mfuko kwa kidole mpaka alie tena.

Daktari alikuwa amevaa glavu ndefu, safari hii hakutaka utani. Walimfungua Meneja juu ya meza ya chuma ambayo yenyewe ilikuwa mizani. Namba zikacheza, zikatulia.

Kilo tisa.

Daktari akaizima meza, akaiwasha, akamsukuma Meneja katikati. Tisa. Meneja aliketi juu ya namba yake akiwatazama kwa dharau, tumbo limemwagika pande zote.

"Dada," daktari akasema taratibu, "uliniambia tatu na nusu."

"Ndivyo nilivyosoma."

"Mizani yako mbovu, basi."

"Si mbovu. Nimepanda mwenyewe leo asubuhi. Sabini na moja, kama siku zote."

Daktari akambinya Meneja mbavuni, akamfungua mdomo, akamtazama ufizi. "Huyu hana ugonjwa wowote ila ulafi. Gramu themanini hazimnenepeshi hivi. Kuna mtu anampa chakula kingine, na anampa kingi. Kwanza niambie, mnampimaje?"

"Mama anapanda naye. Halafu natoa uzito wa Mama."

"Uzito wa Mama wa lini?"

Fundi aliuona kichwani ubavu wa kabati na ile sitini na mbili ya chaki, jinsi ilivyoanza kufutika pembeni. Alimwona mwalimu akivua koti. Akaona sahani tupu mapajani, samaki mzuri, masharubu yanalambwa. Kisha akafanya hesabu ambayo mtoto wa shule angeifanya. Sitini na tano na nusu, ukitoa tisa.

Akashika ukingo wa meza. Zile kilo zilizompa hofu wiki baada ya wiki zilikuwa zimepungua kweli. Hazikumtoka paka.

Daktari naye alikuwa amezipiga hesabu, ilionekana usoni. Akamchukua Meneja mikononi, makucha na yote.

"Huyu niachie," akasema. "Nitakuwa naye mpaka utakaponipigia. Wewe nenda nyumbani."

Njia ya kurudi Fundi hakuikumbuka hata baadaye alipojaribu. Alikumbuka tu kwamba alikuwa na hasira, hasira ya kutetemesha, na hakujua amkasirikie nani. Mama kwa kuficha? Au yeye, fundi mzima, anayejua kiuno cha kila mtu mtaani, anayeona inchi mbili za mwalimu kutoka mlangoni, aliyekaa nyumba moja na mama yake akimpimia paka punje kwa punje?

Mama alikuwa pale pale kwenye kiti kando ya mlango wa nyuma. Alimwona binti yake, kisha akauona mfuko mtupu unaning'inia mkononi mwake.

"Amekufa," akasema.

Fundi alikuwa bado anahema kwa mbio, na mama akafunika uso kwa mikono miwili.

"Nimemuua mimi. Ni mimi niliyekuwa nampa, mwanangu. Samaki, nyama, supu, vyote nilikuwa nampa yeye. Nilijua amekatazwa. Lakini ningevipeleka wapi? Ningevimwaga ungeona. Meneja wangu! Baba yako alimtoa mfukoni, mimi nikamuua."

"Hajafa." Fundi akapiga magoti mbele ya kiti. "Mama, nisikilize. Meneja hajafa. Ana kilo tisa, mnene kama gunia la chumvi, yuko kwa daktari anawatukana watu. Hajafa."

Mama akateremsha mikono. Kisha akaelewa kwamba amekwisha kusema yote, na hayarudi.

"Kwa nini hukuwa unakula?"

"Hakipiti." Akagusa kifua, chini kidogo ya koo. "Kinafika hapa kinasimama. Uji unapita, maji yanapita. Kingine kinasimama, halafu kinauma."

"Tangu lini?"

"Kabla hujaleta hiyo mizani yako."

"Na hukuniambia! Mimi niko chumba cha pili, Mama! Ukuta mmoja!"

"Ningekuambia ungenipeleka." Mama hakupandisha sauti. "Baba yako alikwenda kwa miguu yake. Alijifunga kamba za viatu mwenyewe, akaniambia weka chai, narudi. Nani angemlisha Meneja? Nani angekaa hapa nawe?"

Fundi alikuwa amemshika sweta bila kujua, na chini ya sweta vidole vyake vikakuta mshono. Akaufunua. Gauni lile alilishona yeye, kwa cherehani, na mstari wa cherehani ulikuwa bado upo. Lakini ndani ya mstari huo, ubavuni, ulipita mwingine wa mkono, mishono midogo iliyolingana, mishono ile ile ambayo mama yake alimfundishia kushona. Mama alikuwa amelibana gauni. Ndani ya mstari huo ulipita wa tatu, mpya zaidi, ukilibana tena. Alikuwa amekaa kwenye kiti hiki, mchana kweupe, akijipunguzia nguo kidogo kidogo, huku binti yake upande wa pili wa ukuta akikanyaga cherehani.

Fundi akalia. Alilia kwa sauti, kichwa juu ya magoti ya mama yake, na magoti yenyewe yalikuwa mifupa. Mama akampapasa kisogoni kama zamani.

Alipomaliza, alijifuta uso kwa mkono, akainuka, akaenda kuileta mizani. Akaiweka sakafuni katikati ya jikoni.

"Panda."

"Sipandi."

"Mama."

"Sipandi peke yangu. Nikipanda peke yangu nitajua." Mama aliitazama mizani kama mtu anayetazama kisima. "Na Meneja hayupo wa kumshika."

Fundi akavua viatu, akapanda yeye, akainama kusoma. Sabini na moja, kama siku zote. Akashuka, akakipa kiti mgongo na kuchuchumaa.

"Njoo mgongoni."

"Wewe mtoto una wazimu."

"Njoo. Ulimshika Meneja wiki zote hizo. Leo wewe utashikwa."

Mama akacheka kidogo, kicheko kikavu, akatia mkono mfuko wa kulia wa sweta, akatoa mkasi mkubwa wa chuma, akauweka mezani. Akatia mkono mfuko wa kushoto, akatoa kufuli la mlango wa nyuma, akaliweka kando ya mkasi.

Fundi alivikodolea macho.

"Ulikuwa unahangaika sana paka anapungua," mama akasema. "Nikaona nimwongezee."

Akavua sweta, na la pili lililokuwa chini yake. Akamzungushia binti yake mikono shingoni. Fundi alikuwa amejiandaa kwa mzigo, ameibana miguu kama mbeba saruji, na alipoinuka nusura aanguke mbele, kwa jinsi mzigo wenyewe ulivyokuwa mdogo. Akapanda mizani. Kidevu cha mama kilikaa begani pake.

"Mimi sioni," Fundi akasema, na ni kweli, macho yalikuwa yamejaa. "Soma wewe."

Mama akainama mbele, akachungulia namba.

"Mama, usinidanganye."

Fundi alizihisi pumzi za mama yake shingoni, nyepesi, za haraka. Angeweza kusema namba yoyote.

"Mia na ishirini na sita," mama akasema.

"Toa sabini na moja."

Ni yeye aliyemfundisha Fundi kupiga hesabu za kitambaa bila karatasi. Hakuchelewa.

"Hamsini na tano."

Fundi akashuka kwenye mizani. Hakumshusha mama yake. Alishika vizuri yale mapaja membamba, akapita naye kwenye ukumbi, akapita cherehani, kitambaa cha mwalimu na rundo la nguo zilizopigwa pasi zisizo na mtu wa kuzilalia, akausukuma mlango wa mbele kwa mguu. Jua lilikuwa kali. Ng'ambo ya barabara jirani aliacha kufagia akawatazama.

"Nishushe. Watu wanaona."

"Waone."

"Nishushe, nakuambia!" Mama alimpiga kofi dogo begani, kisha mkono ukabaki pale pale, ukashika. "Angalau nivae viatu."

Hapo ndipo Fundi alipojua kwamba amekubali kwenda hospitali, akarudi naye ndani kuvitafuta.